Kola ya shingo kwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani: kuchagua, kufunga na kuijaribu

Kila Agosti, shule za Marekani zinapoanza mazoezi ya futiboli, wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili huuliza yale yale. Kola ya shingo ni lazima? Ninunue ipi? Inafungwa wapi? Itamkinga mwanangu asivunjike shingo?

Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu linabadilisha yote mengine. Hapana, haitamkinga. Kazi ya kola ni kupunguza kichwa kurushwa nyuma kupita kiasi, basi. Mchezaji anayemgonga mwenzake kwa utosi wa helmeti yuko hatarini hata akivaa kola ya bei kubwa kuliko zote. Shingo inalindwa kwanza na namna ya kugonga, kisha na helmeti na pedi za mabega zilizomkaa sawasawa, kisha na misuli yake mwenyewe. Kola inakuja baada ya hayo. Fuata mpangilio huo na kola itakusaidia. Ukiupindua, kola hiyo hiyo inaweza kumwinamisha kichwa mtoto na kumwongezea hatari.

Wala si lazima. Helmeti na pedi za mabega hakuna anayeingia uwanjani bila hizo, lakini kola ni hiari, na wachezaji wengi hucheza miaka yote bila kuivaa.

Nadharia kidogo tu

Shingo ya mtu aliyesimama ina mkunjo mdogo, na mkunjo huo ndio unaomeza mishtuko. Kichwa kikiinama kiasi cha nyuzi 30, mkunjo unapotea na pingili za shingo zinapangana wima kama matofali. Ukigonga kwa utosi katika hali hiyo, kichwa kinasimama lakini mwili unaendelea kuja, na pingili zilizobanwa katikati zinapasuka. Ndiyo maana mwaka 1976 vyuo na shule za sekondari za Marekani zilipiga marufuku kuanza kugonga kwa kichwa. Wachezaji waliopooza mikono na miguu kabisa walikuwa 34 msimu wa 1976, wakashuka hadi 18 msimu uliofuata, na 5 mwaka 1984. Badiliko hilo lililetwa na sheria na namna ya kugonga. Kola hazikuhusika.

Kola imetengenezwa kwa ajili ya jambo lingine, ambalo wachezaji huliita stinga. Kichwa kinarushwa nyuma na kuegemea upande, mizizi ya neva inabanwa mahali inapotokea shingoni, na mkono mmoja unawaka moto na kufa ganzi kuanzia begani hadi vidoleni. Stinga hutokea pia bega likisukumwa chini huku kichwa kikivutwa upande wa pili, neva zikanyooshwa kama kamba. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kola hupunguza vizuri mwendo wa kichwa kwenda nyuma, lakini mwendo wa kwenda pembeni huupunguza kidogo sana. Kwa hiyo stinga ya kubanwa inaweza kupungua. Ile ya kunyooshwa, usitarajie mengi.

Aina utakazokuta dukani

*Roli ya shingo* (wauzaji huita neki-roli). Ni sponji ndefu ya mviringo iliyovikwa kitambaa au ngozi bandia, inayofungwa kwa kamba kwenye ukingo wa pedi za mabega. Ni nyepesi na rahisi kuipata. Ndiyo waliyoonekana nayo wachezaji wa kulipwa wa zamani kama Mike Alstott wa timu ya Tampa Bay, na Howie Long wa timu ya Raiders kabla yake. Kati ya aina zote ndiyo inayozuia kidogo zaidi, maana sponji hubonyea.

*Kola ya fulana.* Inayojulikana zaidi ni Cowboy Collar ya kampuni ya McDavid. Ina umbo la kizibao kifupi kinachovaliwa chini ya pedi za mabega, na nyuma kina ukuta wa sponji nzito unaopanda kisogoni. Uzito wa pedi ndio unaoishikilia. Kwa mtu aliyekwisha kupata stinga, aina hii ndiyo ya kufikiria kwanza.

*Kipepeo.* Ni kipande kinachofungwa kwa skrubu nyuma ya pedi za mabega, chenye mabawa mawili yanayosimama nyuma ya helmeti. Kampuni kama Douglas huvitengeneza kwa pedi zake. Ni imara, lakini pedi lazima ziwe na mahali pake tangu kiwandani.

*Kola pana zinazokumbatia pande na nyuma*, kama Kerr Collar. Hizi nazo hukaa chini ya pedi, na nia yake ni kuipokea helmeti na kuushusha mzigo mabegani. Huchukua nafasi zaidi ndani ya pedi, kwa hiyo kipimo cha pedi kinakuwa muhimu maradufu.

Kuna vitu viwili ambavyo watu hununua kwa makosa. Q-Collar ni pete nyembamba inayobana kidogo mishipa ya damu ya shingoni. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu mwaka 2021 kwa wanamichezo wa miaka 13 na kuendelea, kwa ajili ya kusaidia kulinda ubongo. Haizuii kichwa kwenda popote na haihusiani na stinga. Cha pili ni kinga ya shingo ya hoki ya barafuni: ile huzuia ngozi isikatwe na vyuma vya viatu. Ni kifaa kizuri kwa mchezo wake, ila hapa hakina kazi.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Helmeti na pedi za mabega atakazochezea, si za kuazima kwa siku moja.
- Kola yenyewe. Usitupe risiti wala kifungashio hadi umalize majaribio.
- Futi ya kamba ya fundi cherehani.
- Kamba mbili za viatu imara, sentimita 120 kila moja, kama ni roli.
- Bisibisi, kama ni kipepeo.
- Kalamu ya maki na vipande vya tepu ya gundi.
- Fulana ya mazoezi na jezi yake.
- Mtu wa kusaidia. Mchezaji hawezi kuona kisogo chake.
- Dakika 45 zisizo na haraka. Usifanye kazi hii kwenye maegesho dakika kumi kabla ya mechi.

Hatua ya 1: Uliza kwa nini kola inatakiwa

Kama kijana anataka tu kufanana na mchezaji fulani wa runingani, hakuna ubaya, endelea. Lakini kama sababu ni kwamba shingo iliuma au mkono ulikufa ganzi msimu uliopita, simama hapo. Mwone daktari au mtabibu wa timu kwanza na mweleze yote: upande gani, ilidumu dakika ngapi, imetokea mara ngapi. Kola isitumike kumrudisha uwanjani mtu ambaye hajachunguzwa. Wengine huzaliwa na mfereji wa uti wa mgongo ulio mwembamba, na hilo halionekani kwa macho.

Hata kwa wakubwa, kola haina dhamana. Leighton Vander Esch, mchezaji wa kulipwa wa timu ya Dallas Cowboys, alicheza na kola, na bado alistaafu mwaka 2024 kwa sababu ya shingo.

Hatua ya 2: Weka helmeti sawa kwanza

Pima mzunguko wa kichwa sentimita 2.5 juu ya nyusi, kisha soma jedwali la mtengenezaji. Pima na nywele atakazochezea. Mtoto akipimwa amenyoa, halafu wiki mbili baadaye akaja na misuko minene, hiyo helmeti si yake tena. Itapanda juu na nyuma itaacha kisogo wazi.

Ikishavaliwa, angalia haya:

- Ukingo wa mbele uwe kama vidole viwili juu ya nyusi.
- Pedi za mashavu ziguse mashavu pande zote mbili bila kuacha mwanya.
- Nyuma ifunike kisogo chote hadi chini ya fuvu.
- Shika grili ya uso uizungushe kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso ifuate helmeti. Helmeti ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa au haina hewa ya kutosha.
- Mkanda wa kidevu ufungwe vifungo vyote vinne, na kidevu kikae katikati ya kikombe chake.

Kama ina vifuko vya hewa, lowesha sindano ya pampu kwa gliserini kabla ya kuiingiza. Sindano kavu huchana valvu. Jaza akiwa ameivaa, kidogo kidogo, hadi ajisikie amebanwa kote kwa usawa bila kuumwa kichwa.

Hatua ya 3: Pedi za mabega

Hapa ndipo wengi huharibu, kisha wanailaumu kola. Kola hukaa juu ya pedi au chini yake. Pedi zikicheza, kola nayo inacheza.

Pima mgongoni kutoka ncha ya bega moja hadi ncha ya bega la pili, pale mfupa unapoishia. Pedi zipite ncha hizo kidogo tu, kama sentimita moja na nusu kila upande. Mbele zifunike mtulinga wote na mfupa wa kifua, nyuma zifunike mabawa ya mgongo. Mikanda ya kwapani iwe imebana kiasi kwamba vidole viwili vinapita kwa shida.

Sasa mwambie ainue mikono yote juu. Tazama tundu la shingo. Likimbana koo au shingo, pedi ni ndogo. Likibaki wazi sana hata ngumi inaingia pembeni, pedi ni kubwa. Kola itateleza na kukaa chini, mbali na helmeti, na haitagusana nayo hata siku moja.

Tia alama kwa kalamu ya maki mahali kamba za kifua zinapokutana. Utaihitaji alama hiyo katika hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Funga kola

*Kama ni roli:*

1. Ikunje roli katikati, tia alama ya katikati. Tafuta pia katikati ya ukingo wa nyuma wa pedi za mabega.
2. Unganisha alama hizo mbili na uzishike kwa tepu kwa muda.
3. Pitisha kamba ya kwanza kwenye matundu mawili ya nyuma, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kamba izunguke roli, si kitambaa chake cha nje tu.
4. Pitisha kamba ya pili kwenye matundu ya pembeni, karibu na mabega. Ncha za roli ziishie kabla ya koo. Zikikutana mbele, zitamkaba anapoangalia chini.
5. Funga mafundo upande wa nje, yasije yakakandamiza ngozi, kisha ficha mikia ya kamba chini. Mkia unaoning'inia ni mpini wa bure kwa mpinzani.
6. Toa tepu. Vuta roli kwa mkono. Ikisogea zaidi ya upana wa kidole, kaza upya.

Pedi nyingi zina matundu tayari. Kama zako hazina, usitoboe. Tundu jipya hudhoofisha plastiki, na mtengenezaji hatawajibika kwa kifaa ulichokibadilisha. Chagua kola ya fulana badala yake.

*Kama ni kola ya fulana:*

1. Legeza kamba zote za kifua za pedi hadi mwisho.
2. Vaa fulana ya mazoezi, kisha kola juu yake. Ukuta mrefu ukae nyuma. Inasikika kama jambo la wazi, lakini kuna watoto hugeuza.
3. Kaza mikanda ya kola hadi ilale begani bila mikunjo. Mkunjo mmoja chini ya pedi huwa kidonda baada ya saa mbili.
4. Mvike pedi kutoka juu, polepole, ukihakikisha tundu la pedi limeupisha ukuta wa kola bila kuukunja.
5. Funga kamba za kifua. Angalia alama ya maki: kola imeziinua pedi, kwa hiyo kamba hazitafika pale pale. Tofauti ndogo si neno. Lakini kama mtulinga sasa umebaki wazi, unahitaji pedi za saizi inayofuata. Hii ndiyo sababu tunasisitiza uende dukani na kola mkononi unaponunua pedi, badala ya kununua pedi leo na kola mwezi ujao.

*Kama ni kipepeo:*

Tumia kipande cha mtengenezaji yule yule wa pedi, na skrubu zilizokuja nacho. Kaza kwa mkono hadi isimame, kisha ongeza kidogo kwa bisibisi. Ukikaza kwa nguvu zote, plastiki itapasuka kuzunguka tundu. Vichwa vya skrubu viwe vimefunikwa kwa sponji. Kitu kigumu kilicho wazi hakiruhusiwi, na mwamuzi anaweza kumtoa mchezaji nje hadi kirekebishwe. Kagua skrubu kila wiki.

Hatua ya 5: Pima mwanya kati ya helmeti na kola

Mvike helmeti sasa, vifungo vyote vinne. Asimame wima akitazama mbele, kimo cha macho. Ingiza vidole kati ya ukingo wa nyuma wa helmeti na kilele cha kola. Mwanya wa kidole kimoja hadi viwili ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ikiwa helmeti tayari imeigusa kola akiwa amesimama tu, kola iko juu mno. Itakisukuma kichwa mbele mchezo mzima, na utosi utakuwa ndio unaotangulia, yaani lile hasa tunalolikimbia. Mwanya ukipita vidole vitatu, kola iko chini mno. Kichwa kitakuwa kimeshafika mbali kabla ya kukutana nayo.

Hatua ya 6: Majaribio sita

Usiruke hata moja, na uyafanye kwa mpangilio huu.

1. *Kutazama juu.* Arudishe kichwa nyuma taratibu. Kola ikisimamishe kabla hakijafika mwisho wake wa kawaida, bila maumivu.
2. *Mkao wa mkono mmoja chini.* Ainame kama anayesubiri mpira uanze, mkono ardhini, nyonga juu. Msaidizi asimame mita 5 mbele yake. Je, anaona kifua cha msaidizi bila kuhangaika? Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote. Kola inayomzuia kuona mbele katika mkao huu inamfundisha kwenda akiwa ameinamisha kichwa. Kwa wachezaji wa mstari wa mbele, ikishindwa hapa, ishushe au ibadilishe. Usimwambie atazoea.
3. *Kushoto na kulia.* Kidevu kifike karibu na kila bega. Kwotabeki (anayerusha mpira) na wapokeaji wanaoudaka wanahitaji uhuru huu kuliko wote, na wengi wao hawahitaji kola kabisa.
4. *Mikono juu.* Kama anadaka mpira wa juu. Kola isipande kumpiga kisogo.
5. *Kupumua na kumeza mate* akiwa amefunga kila kitu, jezi ikiwa juu. Jezi yenye shingo nyembamba hukandamiza roli na kuisogeza.
6. *Kukimbia mita 20*, kusimama ghafla, kugeuka. Rudi upime mwanya tena. Ukibadilika, mikanda imelegea.

Baada ya hapo, aingie kwanza kwenye mazoezi mepesi dhidi ya mto wa kugonga, halafu dhidi ya mtu. Mechi isiwe mara yake ya kwanza kuivaa.

Hatua ya 7: Kichwa juu, na shingo yenye nguvu

Kocha atafundisha kugonga, lakini mzazi naye anaweza kurudia neno moja nyumbani: *ona unachokigonga*. Macho juu, kichwa pembeni ya mwili wa mpinzani, bega ndilo linalofika, miguu ikiendelea kusukuma. Aliyeona kifua cha mpinzani hadi mwisho hawezi kuwa amemgonga kwa utosi. Sheria nazo zimekaza: vyuo vimekuwa vikimtoa nje ya mchezo anayemlenga mwenzake kwa utosi tangu 2013, na ligi ya kulipwa ya NFL iliongeza mwaka 2018 adhabu ya yadi 15 kwa kuinamisha kichwa na kugonga.

Kwa misuli: kiganja kwenye paji la uso, asukume kwa kichwa na mkono uzuie, kichwa kisitembee. Sekunde 6 hadi 10, mara 5. Kisha kisogoni, kisha kila upande. Siku 3 kwa wiki, kuanzia wiki nyingi kabla ya msimu. Aanze na nusu ya nguvu zake. Pasiwe na maumivu, yakitokea, anaacha. Lile zoezi la zamani la kusimamia kichwa sakafuni na kuviringisha mwili juu ya shingo, achaneni nalo.

Makosa yanayorudiwa

Kufunga kola mbili kwa pamoja, roli juu ya fulana, kwa kudhani kinga inaongezeka. Kinachoongezeka ni kimo tu, na helmeti inasukumwa mbele.

Kujaza taulo au soksi chini ya kola ili ipande. Kitambaa hubonyea na kulowa jasho. Robo ya kwanza kinasaidia, robo ya tatu kimeshahama.

Kulegeza mkanda wa kidevu kwa sababu kola "inabana". Helmeti iliyolegea inazunguka, na hapo si kola wala pedi inayofanya kazi.

Kurithi kola ya kaka bila kupima. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kupishana urefu wa shingo kwa sentimita kadhaa. Na mtoto anayekua hupimwa tena katikati ya msimu.

Kosa kubwa kuliko yote ni mtoto kujiona ameshakingwa, akaanza kugonga kwa ukali zaidi. Ukiona hivyo, ivue kola hadi kocha aridhike na namna anavyogonga.

Akiumia uwanjani

Mkono mmoja kuwaka na kuisha baada ya sekunde au dakika chache ni dalili ya stinga. Anatoka nje. Harudi hadi mtabibu aone kwamba shingo inageuka pande zote bila maumivu na nguvu zimerudi kamili: ainue mikono pembeni na kuzuia isishushwe, akunje viwiko na kuzuia visinyooshwe, pande zote mbili sawa. "Nimepoa" ya mchezaji haitoshi.

Mikono yote miwili, au mkono na mguu, au maumivu katikati ya shingo, au hawezi kusogeza kiungo, usiiite stinga. Hiyo inaweza kuwa neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Fanya hivi:

1. Asisogezwe. Asisaidiwe kukaa wala kusimama, hata akiomba.
2. Mtu mmoja ashike kichwa kilivyo kwa mikono miwili, asikivute.
3. Piga 911, namba ya dharura ya Marekani.
4. Usimvue helmeti. Helmeti na pedi za mabega kwa pamoja huiweka shingo katika mstari wake. Ukivua kimoja na kuacha kingine, kichwa kinaanguka nyuma au kinainuka mbele. Kuvua ni kazi ya waliofunzwa.
5. Wahudumu wakifika, waambie mapema kwamba amevaa kola, na kama iko chini au juu ya pedi. Kola ya fulana haionekani chini ya jezi.

Utunzaji

Baada ya kila zoezi itoe kwenye begi na uianike kivulini. Jua kali hukausha sponji na kuifanya ivunjike. Mara moja kwa wiki ifute kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Usiitie kwenye mashine ya kukausha, na usitumie petroli, tina wala blichi kali. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: isiporudi mara moja, au ikiwa na ufa, imekwisha.

Tatizo likitokea

*Kola inapanda kila anapoinama.* Mikanda ya kwapani imelegea, au tundu la shingo la pedi ni pana. Kaza kwanza, kisha angalia saizi ya pedi.

*Anaumwa kichwa kisogoni.* Rudi kwenye hatua ya 5. Karibu kila mara helmeti inaigusa kola akiwa amesimama. Kama mwanya uko sawa, punguza hewa ya nyuma ya helmeti kidogo.

*Malengelenge au michubuko shingoni.* Kuna mkunjo chini ya pedi, au fundo limekaa ndani. Fulana yenye shingo ya juu kidogo husaidia. Ngozi ikichanika, apumzike na kola hadi ipone. Jasho na jeraha wazi havipatani.

*Roli inageukia upande mmoja.* Alama za katikati hazikukutana, au kamba moja imefungwa kwenye kitambaa badala ya kuzunguka roli. Fungua zote, anza upya.

*Vidole vinakufa ganzi kabla hata ya kugongwa.* Mikanda ya kwapani imekaza mno, au pedi ni ndogo. Legeza. Ganzi ikibaki baada ya kuvua vyote, mpeleke kwa daktari.

*Hawezi kugeuza kichwa kuona pembeni.* Kola ni pana kuliko shingo yake. Jaribu roli, au asivae.

*Amepata stinga tena akiwa na kola iliyokaa vizuri.* Usinunue kola nyingine. Stinga inayorudi inahitaji uchunguzi wa shingo, na hadi daktari atoe jibu, kijana anakaa nje.